Magari ya Matairi Nje

Gari la mashindano, lile la kweli, halina madigadi. Matairi manne yamekaa nje kama miguu ya panzi, kiti ni kimoja, na dereva amelala ndani kama mtu aliyeingizwa kwenye mzinga wa nyuki, kichwa tu kimebaki kuonekana. Halibebi gunia. Halibebi mgonjwa. Linazunguka njia ileile mara sitini, mara sabini, na linaishia palepale lilipoanzia. Siku za mwanzo za kuyaona yakikimbia kwenye kioo cha televisheni nilimwambia mume wangu, "Huu ni wazimu wa watu walioshiba." Haukupita mwaka nikawa nakaa kanisani, ibada inaendelea, mimi nachungulia dirishani kuona kama ukungu utaondoka ili jioni picha ishike.

Wajukuu wangu wananicheka, bibi wa darasa la nne anajua tofauti ya tairi la mvua na tairi la jua. Wacheke. Najua kweli, na sikujifunza kwa raha.

Nimezaliwa Old Moshi, nikaolewa Tarakea, upande wa pili wa mlima, pale ambapo mtu akifukuza mbuzi wake bila kuangalia anajikuta ameshaingia Kenya. Mama mkwe alikicheka Kichagga changu mpaka anakufa. Mume wangu alikuwa fundi magari. Ufundi aliupata kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja, chini ya Moshi, miaka ile Uhuru ulipokuwa bado mpya. Mzungu yule alikuwa na ugonjwa wa magari. Ndani ya ghala la kahawa alijijengea gari la matairi nje, akiokoteza chuma huku na huku, na kila penye mashindano Kenya analipakia kwenye lori anakwenda nalo. Aliyekaza boliti zote ni mume wangu. Aliyepigiwa makofi ni mzungu. Mume wangu hakuona ubaya. Alirudi uso mweusi kwa oili, meno nje, ananiambia, "Mama, tumekuwa wa tatu!"

Namjibu, "Wewe umekuwa wa tatu, na mwanao hana viatu."

Baadaye mashamba yale yakachukuliwa na serikali, mzungu akaondoka, gari likabaki ghalani. Watu wakachomoa matairi wakashonea makatambuga. Kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Mume wangu akarudi kwao Tarakea na sanduku lake la spana, akafungua kibanda cha mabati kando ya barabara, akawa anatengeneza malori ya kahawa. Lakini yale magari hayakumtoka. Akimfundisha mtoto wetu wa kwanza kufunga injini ya lori, anamweleza ya magari mengine kabisa: kwamba huko Ulaya kuna mafundi wanaobadilisha matairi manne kabla hujamaliza kupiga chafya.

Mtoto huyo nilimpenda, sitaficha. Wengine wangu nao wanajua hivyo na wamenisamehe. Alipokuwa mdogo aliangukia jiwe mtoni, goti la kulia likawa halikunji vizuri tena. Akitaka kupiga goti alipiga la kushoto, mguu wa kulia ameunyoosha pembeni kama mbuzi aliyeteguka, na spana ameichomeka nyuma kiunoni kwenye mkanda. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa baba yake, na baba yake alilisema hilo mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi ovyo.

Alipokua akavuka kwenda Nairobi kufanya kazi gereji. Kutoka Tarakea Nairobi ilikuwa jirani kuliko Dar es Salaam. Barua yake ya mwisho ilisema kuna mzungu wa mashindano ameuona mkono wake, amemwambia kwamba atamtafutia nafasi Ulaya, kwa mafundi wa magari ya matairi nje. Mume wangu alitembea na barua ile mfukoni mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Halafu mpaka ukafungwa. Serikali ziligombana huko juu, na sisi wa huku, ambao shangazi zetu wako ng'ambo, tukaambiwa ng'ambo ni nchi ya watu. Barua zikakoma.

Miaka ikaenda hivyo. Mume wangu akapata ugonjwa wa moyo. Alianguka kibandani, akapelekwa hospitali Moshi, akarudi amekonda, na daktari ameniita pembeni. "Mama, huyu asibebe kizito, na asipewe habari nzito." Nikayashika yale maneno kama amri ya Mungu. Laiti ningeyashika nusu.

Sasa ile televisheni. Mfanyabiashara mmoja wa Loitokitok, ng'ambo ya pili, lori lake lilimfia porini upande wetu alikokuwa amepita kwa wizi. Mume wangu akalifufua. Yule bwana akalipa kwa televisheni mbovu. Aliyeitoa porini hadi nyumbani ni mimi, niliifunga katikati ya mzigo wa majani ya ng'ombe nikajitwisha, na nikipishana na askari mgambo namsalimia vizuri tu. "Mzigo mzito leo, mama." "Ng'ombe ana ndama, baba." Shingo iliniuma wiki nzima.

Mume wangu akaifungua, akaitengeneza kwa vipande vya redio, akaiunganisha na betri ya gari. Antena aliifunga kwenye mwanzi mrefu. Mchana tuliulaza kati ya migomba watu wasiuone, jioni tunausimamisha. Picha zilitoka Kenya; kwetu bara hakukuwa na televisheni, na kitu cha magendo kilikuwa kesi. Jumapili jioni kulikuwa na kipindi cha michezo, na baadhi ya Jumapili walionyesha kipande cha mashindano yale ya Ulaya.

Jumanne ya wiki ileile aliyokuwa akimalizia kuitengeneza, nilikuwa sokoni. Kulikuwa na mwanamke mmoja tuliyefanya naye biashara, anapita njia za panya kupeleka ndizi Loitokitok na kurudi na sabuni. Siku hiyo hakuniita kwa kelele kama kawaida yake. Alinivuta nyuma ya magunia.

"Mama, kaa chini."

"Nikae nina nini? Sema."

"Nimekuambia kaa."

Nikakaa. Akanipa karatasi. Iliandikwa na kijana wa kwetu aliyefanya kazi gereji moja na mwanangu. Nasoma polepole, kwa kidole. Ilisema mwanangu amekufa, tangu masika. Jeki iliteleza akiwa chini ya lori. Si gari la mashindano. Si Ulaya. Lori la kubeba mawe. Mpaka umefungwa, hawakuwa na njia ya kumleta, wamemzika hukohuko.

Sikulia. Watu wataniona. Nilinunua chumvi, nakumbuka nilibishana kabisa juu ya kipimo cha chumvi, nikapanda mlima kwenda nyumbani. Karatasi nikaifukia ndani ya gunia la maharage ya mbegu. Usiku nilijifunika kanga mdomoni.

Nilipanga kumwambia Jumapili baada ya ibada, jioni, akiwa ametulia, ameshakula. Nilimpikia mtori. Nilimpelekea maji ya kunawa. Nikaenda jikoni kujikaza, nikamwomba Mungu aushike moyo wake, nikarudi. Nafika mlangoni namsikia anapiga kelele.

"Mama! Mama, njoo! Njoo umwone mwanao!"

Niliangusha kibakuli. Nikaingia. Picha ilikuwa ya weusi na weupe, ina chenga tele kama mtu anapepeta unga, na katikati ya chenga gari la matairi nje limesimama, mafundi wamelizunguka. Wamevaa ovaroli nyeupe na kofia za kuzuia moto zinazofunika uso mzima, macho tu yamebaki, kama walina asali. Na mmoja wao, wa upande huu, amepiga goti la kushoto. Mguu wa kulia kaunyoosha pembeni.

"Angalia goti," mume wangu anasema, kidole kwenye kioo. "Angalia goti lile, mama. Nimemfundisha mimi. Ndiye, siye?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka, mwanaume ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwa baba yake. Amesimama wima, yeye ambaye tangu hospitali alikuwa anaegemea ukuta.

"Ndiye, siye?"

Nikasema, "Ndiye."

Neno moja. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema sioni vizuri, kweli chenga zilikuwa nyingi. Lakini nilisema ndiye.

Basi ndivyo tulivyoanza. Kila Jumapili yeye mbele ya kioo kumtafuta mwanawe, na mimi nyuma yake. Mafundi walionekana kwa kitambo kidogo mno. Gari linaingia, wanaliparamia kama siafu, ukipepesa macho limeondoka. Mume wangu alisubiri kile kitambo kimoja. Mimi nililazimika kuangalia kitu kingine ili nisipige yowe, nikaangalia mbio.

Na mbio zikaniingia. Nasema kwa aibu, lakini nasema. Kuna kitu pale. Kuna yale magari ishirini na zaidi yamejipanga kimya, halafu taa inabadilika, na kelele inayotoka inakupiga kifuani hata kwenye spika mbovu. Kuna namna dereva anavyomfuata mwenzake nyuma kwa nyuma, haumizwi na haraka, anangoja yule wa mbele akosee kwa upana wa kiganja. Mimi ni mtu wa kungoja, najua kungoja kulivyo. Nilimpenda dereva mmoja aliyekuwa hashindi. Kofia yake ya chuma ilikuwa na mstari mweupe, jina lake sikulijua na sikulihitaji.

Na zilinikera vilevile! Walichotuonyesha kilikuwa kimeshakimbiwa wiki mbili au tatu nyuma. Tunakaza ngumi, tunaomba, kumbe huko walishashinda, walishakunywa, walishalala. Halafu hawaonyeshi zote. Zimebaki duru tano, mtangazaji anaaga, inakuja taarifa ya habari, na hutajua nani kashinda mpaka kufa. Au betri inaisha. Picha inasinyaa, inakuwa nukta moja katikati, puu. Betri tuliichajisha kwenye mashine ya kusaga, na siku mashine haina dizeli hakuna mbio. Nchi nzima haikuwa na mafuta. Ulifika wakati magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta, na sisi tumejifungia ndani tunawaangalia wenzetu wanayachoma Jumapili hiyohiyo kwa kuzunguka.

Hata magari yenyewe yalikuwa ya kukera. Ufundi ulizidi. Lori letu la kahawa lilitembea kwa waya na kamba ya katani likafika Moshi. Lile gari, kibomba cha unene wa kidole kikipasuka, basi.

"Mbona yule wa mbele amesimama?"

"Injini imekufa."

"Si ndiye alikuwa anaongoza?"

"Ndiyo maana imekufa."

"Mpuuzi."

"Nyamaza, mama, wataingia kubadilisha matairi sasa hivi."

Habari haikukaa ndani. Mume wangu kwenye pombe ya mbege hakuweza kujizuia. "Mwanangu yuko Ulaya. Anafunga matairi ya magari ya mashindano." Ndani ya wiki mbili tatu kijiji kizima kilijua. Jioni moja akaja balozi wa nyumba kumi, mtu wa chama, mtu ambaye kazi yake ingekuwa kutushitaki. Mwanzi ulikuwa bado umesimama. Akauangalia, akatuangalia.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia haraka.

"Marahaba. Huo mwanzi unaanikia nini?"

"Nguo."

"Nguo za twiga?" Akaingia bila kukaribishwa, akavuta kigoda, akakaa. "Haya. Nionyesheni huyo kijana."

Tukamwonyesha. Gari likaingia, wakaliparamia.

"Yupi?" akauliza balozi.

"Yule aliyefunikwa uso," mume wangu akasema.

"Wote wamefunikwa uso."

"Aliyepiga goti."

"Wote wamepiga goti, meku, mzee mwenzangu."

"La kushoto! Una macho au una matundu?"

Gari likaondoka. Balozi akakuna kidevu. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba haamini, nikaona pia amemtazama mume wangu, ile shingo iliyokonda, ile furaha, na ameamua. "Ee," akasema. "Ndiye. Hata mabega ni yenu." Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumapili, na ulipokuja msako wa walanguzi yeye ndiye aliyetangulia kutuambia, tukailaza televisheni kwenye hori la ng'ombe tukaifunika majani. Ng'ombe alilamba kioo mpaka kikang'aa.

Nikawa na uongo wa watu wawili, kisha wa kijiji. Wanawake wakaniita Mama Ulaya. Walinikamata njiani: mwambie kijana amwombee na wangu nafasi. Nami nilikuwa naitikia. Kuna siku nilijikuta najivuna kabisa kisimani, naeleza jinsi wanavyowalisha mafundi kule, nyama kila siku. Nilifika nyumbani na ndoo nikakaa chini migombani, nikajipiga kofi mwenyewe.

Na mume wangu alipona. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Alinenepa. Alirudi kibandani. Kila nilipojiandaa kumwambia nilimwona anapiga mluzi anakaza boliti, nikasema, wiki ijayo. Mashindano ya mwaka ule yakaisha, ya mwaka uliofuata yakaanza. Chini ya maharage karatasi ipo. Tulipopanda nilikuwa natoa mbegu kwa juu juu, nikiogopa mkono wangu usiiguse.

Kisha mpaka ukafunguliwa.

Watu Tarakea walicheza barabarani. Watu walivuka kwenda na kurudi bila haja yoyote, kwa raha tu ya kuvuka. Mume wangu hakucheza. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, akashonewa koti. Akakata mkungu wa ndizi, akaomba asali kwa jirani, akapanga kapu.

"Kapu la nini?" nikamwuliza, na nilijua.

"Nakwenda Nairobi kwenye ile gereji. Wao watakuwa na anwani yake ya Ulaya. Nitawapa asali, watanipa anwani, nitaandika. Haandiki kwa sababu anafikiri mpaka bado umefungwa. Ulaya watajuaje habari za Tarakea?"

Alisema ataondoka Jumatatu. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilimwona katika akili yangu amesimama mlangoni mwa gereji ya watu, na koti jipya na asali, na kijana asiyemjua anamwambia. Hapo nikajua siku zangu zimeisha.

Kwetu mlimani kuna mmea unaitwa isale, una majani marefu ya kijani. Tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, na makaburini. Ukimkosea mtu kosa kubwa, kosa la damu, unakata jani la isale unalifunga fundo, unampelekea mkononi. Aliyepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Wanaume walioua wamesamehewa kwa jani lile. Sikuwahi kusikia mke amempelekea mumewe. Lakini sikuwa na kitu kingine.

Jumapili mchana nilikwenda mpakani mwa kihamba nikakata jani. Nikaenda kwenye gunia, nikazamisha mkono, nikaitoa karatasi. Nikajifunga kanga safi. Alikuwa barazani anapaka viatu rangi. Nikapiga magoti, yote mawili, nikanyoosha mikono, jani kwenye mkono wa kulia, karatasi kwenye wa kushoto.

Aliona isale, akacheka. "Umemfanyia nani nini? Umemtukana dada yangu tena?"

Nikazidi kunyoosha mikono. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mama?"

"Chukua kwanza isale, baba watoto."

"Nieleze kwanza."

"Chukua kwanza. Nakuomba kwa wazee wako. Chukua."

Akalichukua. Kisha akachukua karatasi akaisoma. Yeye husoma upesi kuliko mimi. Akaisoma tena. Nilikuwa naangalia kifua chake, nangoja kianguke kama daktari alivyoniambia. Hakikuanguka. Kuku walikuja wakadonoa lile kopo la rangi, hakuwafukuza.

"Hii umeipata lini?"

Nikamwambia. Jumanne ile, kabla ya picha ya kwanza.

Akahesabu kimya, midomo inacheza. "Kwa hiyo Jumapili zote zile," akasema, "ulikuwa unamwangalia nani?"

Nikasema, "Nilikuwa naangalia magari."

Akatikisa kichwa kama fundi aliyesikia sauti mbaya ndani ya injini. Akainuka, akaingia ndani, isale ameishika.

Jumatatu tulikwenda Nairobi wote wawili. Kapu alilibeba vilevile. Yule kijana aliyeandika karatasi alikuwepo bado, akatupeleka makaburini, lakini vibao vilikuwa vimeibwa kufanywa kuni, na mlinzi akatuonyesha kwa mkono tu: kuanzia pale, hadi pale. Majani yamefika kiunoni. Tulizunguka mpaka mume wangu akasema basi, turudi gereji.

Gerejini akauliza, "Ilikuwa wapi hasa?" Kijana akaonyesha pembeni karibu na ukuta. Mume wangu akapiga magoti, kwa kisu chake akakwangua ile ardhi. Ni ardhi nyeusi, imeshiba oili ya miaka, inanata. Akajaza kopo la asali ambalo mafundi walikuwa wameshalimaliza. Hakuna aliyecheka. Mmoja alizima redio.

Udongo ule tuliuzika kihambani, watu wakaja, tukalia kwa mara ya kwanza, mimi nikichelewa karibu miaka miwili. Balozi alisimama nyuma na kofia mkononi na hakuthubutu kunitazama. Wanawake hawakuniita Mama Ulaya tena.

Isale inamlazimisha mtu asamehe. Haimlazimishi aongee. Mume wangu hakunipiga, hakunitukana, hakumwambia mtu yeyote kwamba nilijua. Ukimwuliza chakula, anajibu. Ukimwuliza kazi, anajibu. Lakini Jumapili jioni alisimamisha mwanzi mwenyewe, akaingia na kufunga mlango. Mimi nilikaa nje namenya ndizi, nasikia ile kelele ya magari, kama ya nyuki. Nilikuwa nimefiwa na mtoto na mume wangu hanitazami, na bado, Mungu anisamehe, nilitamani kujua kama yule wa mstari mweupe ameshinda. Hakuna wa kumwuliza.

Miezi ilipita hivyo, kahawa ikachumwa ikaisha. Halafu Jumapili moja mlango haukufungwa. Nilifikiri amesahau. Nikasikia anakohoa.

"Ingia basi. Wanaanza."

Niliingia na mikono ina utomvu wa ndizi, nikakaa pale nyuma. Picha ilikuwa nzuri jioni ile. Yakaondoka. Yule wangu alikuwa wa nne, akawa wa tatu, mume wangu akaguna kidogo, nikajua na yeye alikuwa akimfuatilia siku zote hizi. Kisha gari lake likakata kona, likaingia kwa mafundi, wale wenye ovaroli nyeupe wakainuka kulipokea.

Mume wangu akageuza kigoda chake. Akanipa mgongo, akageukia ukutani, ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti.

"Niambie likitoka," akasema.

Nikaangalia peke yangu. Walipiga magoti, wakakaza, wakanyanyua mikono, mmoja baada ya mwingine. Nikangoja mpaka wa mwisho alipojiondoa.

"Limetoka, baba."